Rangi ya Chumba cha Mwanaesha

Zilibaki siku tisa Mwanaesha aolewe. Kwetu Mji wa Kale mume ndiye ahamiaye kwa mke, na katika nyumba yetu chumba cha bibi harusi hupakwa rangi na babu yake. Babu yake ni mume wangu, Tsuma, aliyepaka nyumba za watu miaka arubaini, toka mtaa wa Mbaraki hadi ule wa Buxton.

Mjukuu wangu alileta makopo mawili, yote ya weupe usio mweupe hasa. Akapaka viraka viwili ukutani, chini ya kidaka cha kuwekea vyombo.

"Babu, chagua wewe. Mimi zanichanganya."

Tsuma akafinya macho. "Ngoja zikauke."

Zikakauka. Akataka jua la alasiri. Kesho yake akasema mawingu yanadanganya. Siku ya tatu Mwanaesha akaninong'oneza, "Nyanya, kama Babu amechoka, nimwite fundi Oloo?"

"Mwache kidogo," nikamwambia.

Nilikuwa najua. Tangu Ramadhani Tsuma alikuwa akipapasa ukingo wa kikombe kabla ya kumimina chai. Nikapanda juu, nikamkuta pua karibu iguse ukuta.

"Baba Zein," nikasema, nikimwita kwa jina la mwanetu, "ya kushoto ni tui la kwanza, zito, lina umanjano kwa mbali. Ya kulia ni tui la pili, lililotiwa maji."

Akajitenga na ukuta. "Mimi naona ukuta tu. Umejua lini?"

"Zamani."

"Na hukusema."

"Nilingoja useme wewe."

"Huyu mtoto akijua, kazi atampa Oloo."

"Mkono wako hauna ugonjwa. Na macho yangu mawili yatutosha sote."

Akafikiri. "Dirisha la hapa ni moja, na dogo. Tui la pili litageuka kijivu. Tupake la kwanza. Lakini usinihurumie. Nikiruka mahali, sema."

Jioni alimweleza Mwanaesha mwenyewe, bila kuficha. Mwanaesha alimsikiliza mpaka mwisho, akaenda akaleta brashi, akamtia mkononi.

Asubuhi Tsuma alipanda ngazi, mimi nikakaa kitini.

"Umeruka, kushoto."

"Hapa?"

"Juu kidogo."

Kufikia adhuhuri nilikuwa nimemrudisha mara nane. Ya tisa akanuna, akasema hata yule Mhindi aliyemfunza kazi hakumsumbua hivi. Nikamtilia kahawa. Akanywa, akapangusa masharubu, nami nikamrudisha pale pale.