Mkate Usio na Kikaango

Wazo la kumvika fahali kikaango shingoni kama kengele lilikuwa la Yunusi peke yake, na asubuhi nzima lilionekana wazo tukufu. Fahali alitembea akilia ng'a, ng'a, kama kiranja anayeita watu paredi. Hata Nuhu, baba yake mdogo, aliyekuwa akiswaga ng'ombe kutoka Ruponda kwenda Mandawa, alicheka mpaka akashika mbavu.

Jioni waliposimama porini ili walale, fahali alifika. Kikaango hakikufika.

Ilikuwa Ramadhani na jua lilikuwa linaaga. Walibaki na unga wa ngano, chumvi na dumu la maji.

"Haya, msomi," Nuhu akasema. "Huko bweni mnafundishwa kufuturu unga mkavu?"

"Mada hiyo hatujaifikia, Baba mdogo."

"Basi nikilala njaa, kesho unapanda bodaboda, unarudi kwa mama yako. Mandawa nitafika na fahali. Yeye hakujifunga kikaango mwenyewe."

Safari hii Yunusi aliililia tangu likizo iliyopita. Akakimbia, akarudi amekumbatia maganda ya korosho.

"Tupa huko! Mafuta yake yanababua, unataka tufuturu malengelenge?"

Akaleta kuni kavu. Moto ukapanda, ukashuka, yakabaki makaa mekundu. Nuhu akakanda unga, akausambaza kiganjani, akapuliza majivu, kisha akauweka mkate juu ya makaa. Hivyo hivyo, mtupu.

Yunusi akashika kichwa. Tayari aliisikia bodaboda. "Mkate umeungua, Baba mdogo!"

"Funga mdomo, fungua macho."

Katikati ya mkate pakainuka uvimbe mdogo. Ukapanuka, ukatambaa hadi pembeni, mpaka mkate mzima ukajaa pumzi kama kiumbe kinachoamka. Nuhu akaugeuza kwa vidole vitupu. Yunusi, aliyewahi kucheka katikati ya hotuba ya mkuu wa shule, alijikuta amepiga magoti, mikono mapajani, akiogopa hata kupumua asije akauzima.

Jua likazama. Nuhu akakung'uta majivu, akasema bismillahi, akauvunja. Mvuke ukapanda kati yao. Walikula, ng'ombe nao wakitafuna pembeni.

"Kesho," Nuhu akasema akilamba chumvi vidoleni, "utakanda wewe."

Yunusi akashusha pumzi. Bodaboda ilikuwa imeondoka bila yeye.

"Na kikaango, Baba mdogo? Nikirudi nyuma kidogo alfajiri, nitakiona."

"Kiache huko huko. Kitatuharibia mkate."