Gauni la Clifford

Nilikuwa nimekwisha kumfungua vifungo vinne. Cha tano kikakwama. Saa mbili asubuhi, Jumamosi, jua la Long Beach limeanza kuuma, nami nimemkumbatia jitu la mti la futi saba, namvua gauni mbele ya mlango wa bibi yangu.

"Usinitazame hivyo," nilimwambia.

Alinitazama vilevile. Ndivyo alivyochongwa mwaka 1961, meno nje, macho kama visahani.

Jumba letu liliitwa Bora-Lani. Nusu ya jina ilitoka kisiwa kimoja, nusu kisiwa kingine, na aliyezishona pamoja alikuwa muuza magari wa Ohio asiyewahi kupanda meli. Paa lilichongoka kama omo la mtumbwi. Langoni palikuwa na daraja juu ya kijito kisicho na maji, kisha mienge ya gesi, kisha vinyago kumi na viwili vikilizunguka bwawa la kuogelea kama askari waliosahauliwa na jeshi lao. Nyumba za kupanga zilikuwa ishirini na nne, na Wasamoa katika zote tulikuwa familia moja tu.

Bibi Salafai alipohamia namba sita mwaka 1988, alimkuta mlangoni mwanamume wa mti aliye uchi kabisa, na mchongaji hakuwa bahili. Jumapili mchungaji angekuja kusalisha. Bibi akaenda kununua kitambaa. Tangu wiki hiyo Clifford hakuonekana tena bila gauni refu. Jina alimpa bibi mwenyewe: kumwita mungu hakutaka, na mpangaji hawezi kukosa jina. Wanawake wa kwaya walishindana kumshonea. Sikukuu ya Pasaka alivaa jeupe, lenye kola ya lasi.

Miaka thelathini na mmoja baadaye, mwenye jumba akataka kuuza, na mnunuzi akataka kubomoa. Jiji lingelilinda jumba kwa sharti moja: liwe kama lilivyojengwa. Mkaguzi angekuja Jumamosi ile, saa nne, na picha za zamani mkononi. Tukishindwa, bibi angefungasha mikeka yake akiwa na miaka sabini na tisa, na hatukuwa na pa kuipeleka.

Ombi la ulinzi liliandikwa na Duane Pruitt, mzungu mstaafu wa posta, mvaa mashati ya maua, ambaye aliyapenda majumba kama letu kuliko wengine wanavyowapenda wake zao. Sikumpenda. Nilikuwa mshairi wa miaka ishirini na miwili, damu moto, beti zangu kifuani.

"Haya majitu si yetu," nilimwambia siku ya kwanza. "Samoa hatuchongi mambo haya. Tena haya yote yanafanana."

"Najua," alisema. "Mdomo huo ni wa visiwa vya Marquesas, pua ni ya Hawaii, miguu mchongaji alijitungia. Na uliposema 'haya yote yanafanana', umekosea. Hayafanani."

Kosa lilimwasha kama upupu. Aliwahi kuirudisha barua ya jiji kwa sababu walihesabu mienge ikapungua mmoja.

Alipoomba Clifford avuliwe kwa ajili ya ukaguzi, bibi alimjibu papo hapo. "Nimvue ili wageni wamtazame? Adabu mlifundishwa na nani, nyie?"

Ndiyo maana niliingoja saa ya mazoezi ya kwaya.

Kifungo cha tano kikaachia. Gauni likashuka. Nikatazama, nikainama, nikatazama tena. Pale ambapo picha ya 1961 ilionyesha jambo la kujivunia, palikuwa bapa kama kibao cha kukatia vitunguu. Tena pamepigwa vanishi.

Duane alikuwa amefika nyuma yangu. Akaitazama picha, akamtazama Clifford, akairudia picha.

"Kiko wapi?" alinong'ona.

"Tulikikata," alisema bibi. Alikuwa amerudi kuchukua miwani. "Mimi na Teuila wa kwaya, kwa msumeno wa marehemu mumewe. Gauni lilikuwa halikai."

"Mama Salafai, nakusihi. Kipo wapi? Tutakibandika!"

"Kilipikia magimbi."

"Lini?"

"Mwaka huohuo. Mti mzuri, haukutoa moshi."

Duane akakaa chini, juu ya vigae, kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Kisha bibi akatuamuru tumvishe, naye akainuka. Tulimvisha Clifford watu watatu, tukisukumana na kulaumiana. Mimi nilikosea vifungo, kola ikaenda upande.

Saa nne kamili akaja mkaguzi, Bi. Ohanian, mwanamke mwembamba mwenye kalamu tatu. Alipima paa. Alihesabu mienge. Vinyago kumi na kimoja vikapita. Mbele ya cha kumi na mbili akasimama.

"Vazi hili halimo kwenye picha. Litolewe."

Nikafungua kinywa. Nilikuwa na beti kumi na nne juu ya wageni wanaovua watu wetu nguo, na ya kwanza ilikwisha fika ulimini. Bibi akanikanyaga kidole.

"Mwanangu," alimwambia mkaguzi, "una mume?"

"Ninaye."

"Wageni wakija, humvua mlangoni?"

Bi. Ohanian akaitazama picha. Masikio yakamwiva. Lakini alikuwa mtu wa kazi. "Mama, sitamgusa. Ila lazima niulize. Bwana Pruitt, ombi hili lina sahihi yako. Chini ya vazi, yuko kama alivyokuwa?"

Bwawa lilitoa sauti ya kupwita kwenye bomba. Nilimtazama Duane. Nilimjua. Mtu huyu asingesema uongo hata kwa daktari wa meno.

"Gauni," alianza, "limekaa hapa muda mrefu kuliko rangi ya kuta hizi. Kuliko hilo bomba. Watu wameishi humu, Bi. Ohanian, si picha tu. Liandike nalo. Na kilicho chini..." Aliinua macho mpaka kwenye ncha ya paa. "Sina la kusahihisha."

Mkaguzi akaandika kwa muda mrefu sana.

Barua ilifika baada ya wiki tatu. Nilimsomea bibi mezani: jumba limelindwa, halibomolewi. Kipengele cha kumi na mbili kilisema: *Kinyago, mwanamume, amevaa. Vazi lisiondolewe bila kibali cha jiji.*

"Wamechelewa," alisema bibi, akaendelea kumenya ndizi.

Jumapili alimwalika Duane kwa chakula baada ya ibada. Alikuja na tai juu ya shati la maua, akafumba macho wakati wote wa sala, hata pale ambapo sisi tulichungulia. Bibi akamwekea kichwa cha samaki, ambacho kwa kawaida ni changu. Duane akakitazama, akavuta pumzi, akanyoosha kidole kama anayetaka kueleza jambo kuhusu samaki yule. Halafu akanitazama na kushusha kidole.

"Sema tu, mzee," nilimwambia, nikamsogezea chumvi.