Zamu ya Koplo

Msimu ule mwanga wa bwalo la kambi ulikuwa mweupe kama maziwa. Uliingia kwa madirisha ya juu, ukatua mezani kwangu, na juu ya kila kompyuta mstari wa kijani ulijivuta polepole kama kiwavi kwenye jani. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza chuo. Kampuni iliyoniajiri ilitoa bure programu ya kukinga kompyuta kwa kila mwanajeshi, aitumie nyumbani kwake, na kazi yangu ilikuwa kuwawekea. Wakaniita Daktari wa Virusi.

"Daktari, ni bure kweli, au ni bure ya kuja kulia baadaye?"

"Bure kabisa, afande."

"Haya. Cha bure ghali," walicheka, lakini kompyuta walileta.

Sajenti mmoja alileta yake kikosi chao kilipokuwa kinajiandaa kwenda kulinda amani nchi ya mbali, porini, kusikofika simu. Ndani yake alikuwa amerekodi sauti yake akimsimulia bintiye hadithi, za kumtosha mpaka arudi. Alitaka kuzifungia kwenye kasha, yaani ile sehemu ya programu inayofunguka kwa neno la siri tu. Programu ikauliza: mtu akikosea neno mara nyingi, kasha lijifute? Nilimshauri akatae.

"Adui akifika ghalani, ghala huchomwa," akasema, akabonyeza ndiyo. "Na hilo neno, ni kama neno la lindo, lile mlinzi analokuuliza ndipo akupitishe?"

"Kama hilo hilo, afande."

Akafurahi kama mtu aliyekutana na nduguye ugenini.

Kikosi kiliondoka. Wiki zikapita, kisha mchana mmoja wa manyunyu mke wake akaingia, kompyuta kaikumbatia kifuani, na binti yao mdogo akimfuata nyuma.

"Mdogo wangu, nimekwisha," akasema. "Kasha limekataa. Neno nililijua, nilimwona akiliandika siku aliyotoka kwako. Nimelijaribu, halikubali. Nimeweka tarehe ya harusi, jina la mama yake, mpaka jina la mbuzi wao wa zamani. Sasa linasema nikikosea tena, linafuta."

"Usiguse kitu, dada. Kaa kwanza."

Hakukaa. "Huyu mtoto halali. Tangu baba yake aondoke, nikimlaza anaamka, anakwenda kukaa mlangoni. Mwone alivyokwisha. Nikasema, labda akisikia sauti ya baba yake atapata usingizi. Sauti yenyewe ndiyo hiyo imefungiwa humo."

Nilikitazama kioo. Nafasi moja ya kujaribu ilikuwa imebaki, na mimi sikuwa na ufunguo wa pembeni. Kasha zuri ni lile ambalo hata fundi wake halifungui. Darasani nilikuwa nimeisifu sana sentensi hiyo. Pale bwaloni niliionea haya.

"Dada," nikauliza, "neno la lindo hukaa muda gani?"

"Siku moja. Kila asubuhi jipya. La jana ni la adui..." Akajishika kiuno. "Mwanaume huyu! Atakuwa alilibadilisha kila siku!"

Tukacheka, kisha kicheko kikatuishia.

"Basi aliondoka na la mwisho," nikasema.

"Hapana." Sauti yake ilishuka. "Askari hatoki lindoni bila kumwachia neno anayempokea. Huyu wangu hata kwenda dukani hukabidhi nyumba. Lakini mimi hakuniachia. Alfajiri aliyoondoka usingizi ulinipitia. Nilipotoka nilimkuta amechuchumaa mlangoni, anamnong'oneza..."

Tukageuka pamoja. Mtoto alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha bwalo, mgongo umenyooka, ametazama nje kwenye manyunyu. Kichwa kilimwinama, akakiinua. Kikamwinama tena, akakiinua tena. Baba yake alimwita Koplo. Alimpandisha cheo, mama alisema, hata meno hajaota.

"Koplo," mama akaita taratibu, "baba alikuambia neno?"

"Ndiyo."

"Niambie basi, mwanangu."

"Siwezi. Mpaka anayenipokea aje."

Mama akafunika mdomo kwa kiganja. Nilidhani atalia. Badala yake alikaza kanga kiunoni, akatoka nje kwenye manyunyu, akazunguka, akarudi akitembea kwa hatua nzito.

"Simama! Nani anakuja?" Sauti ya mtoto ilikuwa nyembamba na imechoka.

"Mama yako."

"Mama yangu nani?"

"Mke wa sajenti. Nimekuja kukupokea, Koplo."

Mtoto akafikiri. Mvua nayo ilikuwa kama inafikiri.

"Pita."

"Lindo salama?"

"Salama. Paka tu alipita. Nikamwacha."

"Umefanya vizuri. Nimepokea zamu. Nenda kapumzike."

Mtoto akamvuta shingo, akamnong'oneza sikioni, kwa muda mrefu, kama neno lenyewe lilikuwa na mambo mengi ya kuelezwa. Mama akaja mezani. Niligeuza uso, maana neno la siri la mtu halitazamwi. Nilisikia kidole kimoja kikibonyeza, kikisita, kikibonyeza.

Kisha sauti ya sajenti ikajaa bwaloni, nzito na ya karibu, kama aliyekaa nasi: "Koplo wangu, sikiliza. Palikuwa na mto uliopenda kulala mchana..."

Nilimtafuta mtoto nione uso wake. Alikuwa amejilaza kwenye benchi, viatu miguuni, mdomo wazi, amezama usingizini kabla ya neno la kwanza.

"Nizime?" nikanong'ona.

"Acha," mama akasema. Akaenda mlangoni, akanyoosha mgongo, akasimama akitazama nje.