Lango la Gereza

Fundi wa kuchomelea alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Polisi walipompiga risasi mwanawe wa pekee kwenye maandamano ya bei ya unga, shemeji yake, kaka wa mkewe na mwalimu wa kwaya, alimfuata karakanani.

"Nitengenezee mitutu ishirini ya bunduki."

"Shemeji, Yesu alimwambia Petro arudishe upanga wake."

"Petro angalau alikuwa nao. Wewe una nini?"

Fundi alikataa tu, na tangu siku hiyo mkewe akawa anampakulia chakula bila kumtazama usoni.

Mitutu ilipatikana kwingine. Baada ya miezi minane serikali ilianguka, watu wakaling'oa lango la gereza, na fundi naye akalia kwa furaha barabarani.

Wiki ya tatu aliitwa hukohuko gerezani. Shemeji yake ndiye aliyekuwa mkuu sasa, amevaa buti za mtu mwingine, zinambana.

"Lirudishe lango mahali pake," alisema. "Tumejaa."

Akipitisha vyuma ukumbini, fundi aliona watu wawili nyuma ya nondo: askari aliyemuua mwanawe, na mchungaji wao, aliyekuwa amemficha askari huyo kanisani.

"Mchungaji, huyu? Si wewe uliyemzika mwanangu?"

"Alibisha hodi," mchungaji alisema. "Ningefanyaje?"

Askari aliomba maji, hakuinua kichwa. Fundi alikuwa na chupa. Aliishika kwa muda, kisha akampa mchungaji, aamue mwenyewe.

Halafu akaenda kumpigia magoti shemeji yake. "Mwachie mchungaji, angalau yeye."

"Haya yote namfanyia mpwa wangu."

"Mwanangu hakukutuma."

"Maliza kazi, shemeji."

Alimaliza. Si kwamba alikubali, aliogopa.

Kesho yake asubuhi ilisikika milio miwili ya risasi kutoka upande wa gereza. Mkewe aliacha kufagia.

"Kaka aliniambia ni yule askari tu," alisema. "Wa pili nani?"

Fundi alimwambia. Mkewe akaketi chini palepale kwenye vumbi, ufagio mkononi. Fundi alitaka kumwombea, lakini alipofumba macho aliona viungio vya lango lile, vimekamata barabara, na sala haikuja.