Kitambaa cha Kinanda

Nilikuwa nimefika kwenye fundo la tatu, goti langu likiwa juu ya mzigo ili kamba isilegee, Jean-Baptiste aliposema kwamba kinanda kimelia tena. Mimi sikusikia. Nilikuwa nasikia matone tu, yakianguka kutoka kwenye majani ingawa mvua yenyewe ilikwisha kupita. Nikavuta kamba, nikafunga fundo la nne.

Mafundo yalikuwa manane. Manne juu, mawili kila upande. Kila tuliposimama kupumzika niliyapima yote kwa kidole, na lililolegea nililifungua na kulifunga upya. Wenzangu walichoka na mafundo yangu, lakini hawakusema sana, kwa sababu walijua kilichokuwa chini yake.

Tulikuwa vijana wanane wa kundi la kapela, kanisa dogo la shule, shule iliyoko mwendo wa nusu siku kutoka Kasongo. Ulikuwa mwaka 1953, wiki ya mwisho kabla ya Jumapili ya Matawi. Mzungu mmoja wa machimbo ya dhahabu, upande wa Salamabila, alikuwa anarudi kwao Ulaya, akaipa kapela yetu kinanda chake cha zamani. Lori lilikileta hadi Wamaza, na hapo likakwama, maana mvua ilikuwa imevunja daraja lililokuwa mbele. Mwalimu Michel akatutuma tukakichukue kwa mabega. Akasema tupite tukiimba, na katika kila kijiji nihubiri dakika kumi, nisizidishe. Hotuba niliiandika katika daftari, nikaihesabu kwa saa ya shule. Ilikuwa dakika kumi kamili.

Juu ya kinanda kulikuwa na kitambaa. Mama wa kanisa walikishona kwa merikani nyeupe, mara mbili, na Mama Régina akakipaka nta ya nyuki hata maji yakawa yanateleza juu yake. Kilinuka asali siku nzima. Mivukuto ya kinanda ilikuwa ya ngozi na gundi, na Madamu wa misheni alikuwa ametuonya kwamba ikilowana mara moja tu, sauti imekwisha. Madamu peke yake ndiye aliyejua kukipiga. Siku ya Jumanne baada ya Matawi alikuwa anaondoka kwenda likizo Ubelgiji, mwaka mzima. Kwa hiyo tulikuwa na Jumapili moja tu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na zilibaki siku mbili za kutembea.

Nilimaliza fundo la nane. Tukainama, tukaingiza mabega chini ya miti ya kubebea, tukasimama pamoja.

Hapo na mimi nikasikia. Ufunguo mmoja wa kupigia ulikuwa umekwama tangu Wamaza, na kila tulipokitikisa kinanda, mivukuto ilivuta hewa na kuitoa polepole. Haukuwa wimbo. Ilikuwa pumzi ndefu, kama ya mtu anayegeuka kitandani. Jean-Baptiste, aliyebeba nyuma upande wa kuume, alisema kwamba chifu akibebwa kwenye kipoyi, kiti cha mabegani, hupiga kelele kuliko hiki, lakini angalau chifu hushuka kwenda kukojoa. Tukacheka kidogo, kisha Gérard akaanza wimbo.

Gérard alikuwa na sauti ya chini. Aliimba ule wimbo tulioupenda kwa kutembea, unaokwenda taratibu, hatua moja neno moja. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Miguu yetu siikumbuki. Nakumbuka weupe tu, weupe wa kitambaa na weupe wa ukungu, na sisi katikati tukipita kama watu wanaoelea, na harufu ya asali.

Njia ilipogeuka tukaona kijiji chini yetu, nyumba ishirini hivi, na wanawake watatu wakirudi shambani. Mmoja wao alisimama. Kikapu chake kikaanguka, mihogo ikatawanyika njiani, na hakuitazama. Kisha akalia, kile kilio ambacho hakina maneno, na wanawake wengine wawili wakakipokea, na kijiji kizima kikatoka nje.

Kule kwetu maiti akiletwa kutoka mbali, waliombeba hawaingii naye kijijini. Watu humpokea mlangoni mwa kijiji, mabega kwa mabega, ili aingie akibebwa na wa kwao. Wanaume walitujia wamevua kofia. Hakuna aliyeuliza kitu. Mmoja aliweka bega lake chini ya mti wangu, akanisukuma taratibu pembeni, na mzigo ukaniondoka.

Wakati wa kusema ulikuwa ule. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na hotuba ya dakika kumi katika daftari, na sikupata neno moja.

Wakakiweka kinanda juu ya mkeka, katika uwanja wa yule mwanamke aliyeangusha kikapu. Kilipogusa chini kikatoa ile pumzi yake. Kilio kikakatika.

Mzee mmoja mwenye kanzu iliyopauka alinishika mkono. Baadaye nilijua kwamba ni Maalimu Saidi, anayewafundisha watoto wa pale Kurani. Akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Mumetoka naye Salamabila?"

Nikamuuliza ni nani. Akanieleza, akidhani labda walionituma hawakuniambia jina. Mwanamke yule aliitwa Mama Faida. Mwanawe, Sumaili, alikwenda kufanya kazi kwenye machimbo, akafa huko kwa homa, miaka mitatu iliyopita, akazikwa huko huko. Habari ililetwa na mchuuzi mmoja wa chumvi. Hakuleta hata shati. Tangu siku ile Mama Faida alilala chini, hakukata nywele, hakuondoa matanga. Wazee wa ukoo walisema kwamba mtu ambaye hawakuona kitu chake kikiingia udongoni bado yuko njiani, na aliye njiani hafungiwi mlango. Maalimu mwenyewe aliwahi kuwaambia kwamba dini haitaki hivyo. Walimsikiliza kwa heshima, na Mama Faida akaendelea kulala chini.

"Maalimu," nikasema, "hii haiko maiti. Iko kinanda ya kanisa. Ya kuimba."

Wanaume waliokuwa karibu walisikia, na neno likaenda kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Kijana mmoja alisema kwamba watoto wa shule sasa wanacheza hata na kifo, na mwingine akauliza kama Wazungu wanatufundisha hayo darasani. Nilipowatazama wenzangu, walikuwa wamesimama pamoja kama mbuzi kwenye mvua.

Maalimu akasema, "Mimi sitamuambia. Ni weye ulimuletea. Utamuambia weye mwenyewe."

Nikaenda, nikapiga magoti kwenye ukingo wa mkeka. Mama Faida alikuwa ameweka mkono juu ya kitambaa, mkono mmoja, wazi, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Nywele zake zilikuwa ndefu na zimefungamana, zina majani ya shambani ndani yake. Nikamwambia jina langu na shule yangu. Nikamwambia ni kinanda. Nikamwomba msamaha kwamba sikusema kule juu, mlangoni mwa kijiji.

"Najua, mutoto wangu," akasema. "Nilijua wakati kilipumua. Maiti hapumui."

Hakuondoa mkono.

"Lakini kilipumua kama mutu mwenye kuchoka njia."

Kisha akaniuliza kama kitambaa nacho kilitoka Salamabila. Ningeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa fupi, na lingemfaa. Nikamwambia kwamba kinanda kilitoka kule, lakini kitambaa kilishonwa kwetu, karibu na Kasongo, tukakibeba hadi Wamaza, na hapo vikakutana.

Aliliwaza jambo hilo. Midomo yake ilitembea kidogo, kama anahesabu njia.

"Basi kilienda kumupokea," akasema.

Baada ya hapo aliomba. Hakuomba kinanda, wala wimbo, wala maneno yangu. Aliomba kitambaa, akizike mahali pa Sumaili.

Nikawaita wenzangu nyuma ya nyumba, na kwa kuwa nilitaka wajue vizuri, niliwaeleza yote kwa mpango. Kitambaa kikibaki, kinanda hakina kifuniko. Mvua inanyesha kila alasiri. Tutalazimika kushona kifuniko cha majani, safu juu ya safu, kazi ya siku nzima na zaidi. Hatutafika kabla ya Jumapili jioni. Madamu hatakipiga. Kitakaa kimya mwaka mzima katika kapela, na mama waliotoa merikani yao watauliza iko wapi.

Jean-Baptiste alikataa. Alisema kitambaa si chetu. Alisema pia kwamba bega lake limechubuka kwa ajili ya Jumapili ile, na akavuta shati tukaona, na ilikuwa kweli, nyama ilikuwa nyekundu kama ndani ya pera. Sikumlaumu. Kila alilosema nilikuwa nimelisema mwenyewe moyoni kabla yake. Gérard aliniuliza nilikuwa nimepanga kuhubiri nini hapa. Nikafungua daftari. Hotuba ilikuwa juu ya mwana aliyekuwa mbali na mzazi aliyemwona angali njiani. Nikalifunga.

Kutoka uwanjani kulikuja harufu ya nta, maana jua lilikuwa limetoka na kukipasha moto kile kitambaa cheupe. Jean-Baptiste alishusha shati lake juu ya bega polepole.

"Leo kinanda kimehubiri kupita weye, yaya," akasema, akiniita kaka mkubwa kama tuitavyo kwetu. "Na hakina daftari." Kisha akaongeza kwamba ni yeye atakayemweleza Mama Régina, kwa sababu mimi nitamweleza kwa mpango na tutalala njaa.

Nikarudi kwenye mkeka, nikafungua mafundo manane. Nilikuwa nimeyakaza sana. Mawili niliyafungua kwa meno. Watu wote walikuwa wakitazama mikono yangu na hakuna aliyenihimiza. Kitambaa kilipotoka, kinanda kikabaki pale uchi, kahawia, na safu ya meno yake ya manjano, na watoto wakasogea kukitazama, kisha wakarudi nyuma.

Maalimu Saidi alipokea kitambaa kwa mikono miwili. Alisema, ili wote wasikie, kwamba kitambaa si mtu na asiwepo mtu wa kusema Maalimu amefundisha kukizika. Lakini dua kwa marehemu ni dua, na huyu ni mama. Wanaume wa ukoo walichimba shimo fupi nyuma ya migomba. Sisi tulisimama nyuma yao. Sikuyajua maneno ya dua, ila nilijua pa kuinamisha kichwa, maana pa kuinamisha ni pale pale. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa kidogo sana. Udongo wa kwanza ulipokiangukia uliteleza, kwa ajili ya nta, na Mama Faida akauweka tena kwa kiganja, na tena, hata ukakaa.

Dua ilipokwisha, Mama Faida aliuliza kwa nini hatuimbi. Tukamtazama Maalimu. Alikung'uta kanzu yake muda mrefu kuliko udongo uliokuwapo, akasema yeye anakwenda kunawa, na watu wakiimba njiani yeye hawezi kuifunga njia. Akaenda. Gérard akaanza, taratibu, hatua moja neno moja, ingawa hatukuwa tunakwenda popote.

Wakati tunaimba, wanawake walimwingiza Mama Faida ndani. Tulisikia wembe ukinolewa juu ya jiwe.

Kisha tukaanza kazi. Wasichana wa kijiji walituonyesha majani mapana ya kuezekea, kando ya kijito, tukarudi na mizigo mitatu. Gérard alichonga vijiti vya mianzi, vyembamba kama sindano. Mimi nilipanga: jani juu ya jani, kila moja likifunika nusu ya la chini yake, kijiti kikiingia na kutoka mara mbili. Nilianzia upande wa mivukuto.

Nilikuwa kwenye safu ya tano nilipoona mtu ameketi karibu yangu. Sikumtambua mara moja. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, kinang'aa kwa mafuta, na uso ukaonekana mdogo, wa msichana karibu. Alitazama mshono wangu.

"Hapo maji itapita," akasema Mama Faida.

Akachomoa vijiti vyangu vitatu, akanionyesha: jani ligeuzwe, mgongo nje, na kijiti kipite chini ya mshipa. Tukashona pamoja, yeye kutoka juu, mimi kutoka chini. Aliuliza kinanda kina sauti gani kikipigwa na anayejua. Nikamwambia sijawahi kusikia. Aliuliza lini nitasikia. Nikamwambia labda baada ya mwaka, Madamu akirudi. Akatikisa kichwa, na sikujua kama ni kwa huruma au anahesabu tu.

"Mwaka si mingi," akasema. "Mutapita hapa kunieleza."

Mwanga ulikuwa unapungua. Tulikuwa tumefunika upande mmoja na nusu ya juu, na majani yaliyobaki yalikuwa yameanza kujikunja. Itabidi kuchuma mengine asubuhi. Wanawake walikuwa wakimtandikia Mama Faida kitanda ndani ya nyumba. Tulisikia kikiburutwa kutoka kwenye kona. Akasimama, akajipangusa magoti, akasema ile pembe ya nyuma nisiiguse peke yangu, nitaiharibu, nimngoje kesho.

Tukakisogeza kinanda chini ya baraza, mbali na matone. Kikapumua. Nikakiacha kijiti changu kimechomekwa katika jani la mwisho, ili asubuhi nijue pa kuanzia.