Skrini Moja, Watu Wawili

Natacha alirudisha albamu ya harusi yake bila ukali. Aliifungua tu mezani, akaweka kidole kwenye picha ya kwanza.

"Gwiza, huyu ndiye mimi?"

Uso ulikuwa umeiva kama nyanya, na vazi lake la harusi, umushanana wa rangi ya damu ya mzee, limekuwa la machungwa.

Gwiza, aliyempiga picha hizo, aliomba radhi, akaahidi kuzichapisha upya. Tatizo alilijua. Skrini ya nyumbani kwao Kimisagara ilikuwa imechakaa ikaingia ubuluu, naye kila aliporekebisha rangi za picha aliongeza wekundu bila kujua.

Skrini hiyo hiyo ndiyo aliyochezea gemu kaka yake, Sangwa. Walipohamia Kigali kutoka Karagwe, Sangwa aliendesha moto, yaani pikipiki ya abiria, na kwa jasho hilo akamnunulia Gwiza kamera yake ya kwanza. Kisha gari likamgonga. Tangu atoke hospitali alitembea kwa magongo, na zile ngazi ndefu za kupandia barabarani hakutaka hata kuzisikia. Jirani yao Twahiru alijitolea kumbeba mgongoni, akakataa. Wenzake wa kijiweni alikutana nao kwenye mpira wa kompyuta tu, kila mmoja akiwa kwake.

"Chukua ya rangi nzuri," Sangwa alimwambia Gwiza alipotaja kununua skrini mpya. "Mimi nitazoea."

Gwiza alikwenda Gisimenti, kwenye duka la Mkenya mmoja aitwaye Kipchumba, akamweleza shida yake: skrini moja, watu wawili, mfuko mwembamba.

"Ya picha naweza kukuchagulia," Kipchumba alisema. "Ya gemu siwezi bila mchezaji. Mlete kaka yako, dada. Na uje na hiyo picha iliyoharibika, ya kwenye albamu na ya kwenye flashi."

Sangwa aliposikia alinuna. "Nipande ngazi zote zile kwa ajili ya skrini?"

"Ni yako pia. Nikikosea, utaumia wewe."

Sangwa akaomba viatu. Alipanda mwenyewe, akikaa kupumzika kila alipochoka, na Twahiru akafuata nyuma, mikono mfukoni, kama mtu aliye kwenye safari zake.

Dukani waliwashiwa skrini tatu. Ya kwanza ilikuwa imepinda, inavutia macho, lakini Sangwa alicheza kidogo akatikisa kichwa: penye giza, kila kinachokimbia kiliacha mkia. Ya pili ilikuwa na kasi nzuri sana kwenye mchezo. Ila Gwiza alipoinama pembeni, uso wa bibi harusi ukapauka. Ya tatu haikuwa na mapambo yoyote. Mwanzoni rangi zake zilipiga kelele. Kipchumba akaiweka kwenye mpangilio wa picha, akapunguza mwanga, akashika albamu kando yake. Uso wa kwenye skrini ulikuwa mwekundu vilevile kama wa kwenye karatasi.

Gwiza akacheka. "Hii haifichi kosa langu!"

"Basi ngoja tuone inavyokimbia," alisema Sangwa, akivuta kiti.

Alikuwa hajamaliza kipindi cha kwanza pale dereva mmoja wa moto, kofia ngumu mkononi, aliposimama mlangoni.

"Sangwa? Ni wewe kweli?"

Alikuwa Karangwa, wa kijiwe chake cha zamani. Alimkumbatia pale pale kitini, magongo yakaanguka. Simu zikapigwa, wengine wawili wakaja, na haukupita muda wanaume wazima walikuwa wakigombea zamu mbele ya bidhaa ambayo bado haijalipiwa. Kipchumba aliwaangalia tu.

Kipchumba akampunguzia bei, naye Gwiza akarudi nyumbani na boksi la skrini ya tatu. Kaka yake alibaki Gisimenti kula mishikaki na wenzake.

Wiki iliyofuata Natacha alichukua albamu mpya, akamletea Gwiza binamu yake anayekaribia kuolewa. Gwiza akapita dukani kutoa shukrani.

"Kwa ile bei?" aliuliza Kipchumba. "Ni kitu kidogo."

"Kwa kusema nimlete kaka," alisema Gwiza. "Jana alipanda ngazi mwenyewe, akaenda kuwasalimia wenzake kijiweni. Hakuna aliyemwita."

Kipchumba akamvutia kiti.