Kinga ya Rola

Katika chumba cha kunyooshea shuka za hoteli, mwanga ulikuwa umepunguza mwendo. Lililofanyika Jumatatu lilionekana Jumatatu iliyofuata. Sauti zilifika kwa wakati, kwa hiyo wafanyakazi walizoea kupapasa na kuitana, na kazi ikaenda.

Ndiyo maana siku rola la mashine ya kunyooshea lilipomvuta mdogo wake, dada mtu alisikia ukelele tu. Machoni pake kijana alikuwa angali anacheka, kicheko cha wiki iliyopita. Alipomfikia kwa kupapasa, alikuwa ameshakata roho.

"Ajali haina kinga," meneja alisema mazishini. "Na kinga ya mashine aliiondoa mwenyewe. Haraka zake zimemponza, marehemu."

Dada alikuwa anangoja mwanga.

Meneja naye akamleta mwanafizikia wa chuo kikuu. Mama huyo alipima, akapima tena, akavua miwani.

"Mwanga unazidi kupunguza kasi."

"Mwisho wake wapi?"

"Sijui, bwana. Tulifundishwa kwamba kasi yake haibadiliki. Huenda ina kikomo, huenda haina. Ikifika sifuri, mwanga ulio njiani hautafika."

"Basi tuvute subira," meneja alisema, akaagiza chai.

Wiki ilitimia, siku ya siku ikapita bila ajali kuonekana. Marehemu alionekana akikunjua shuka moja asubuhi nzima, na hadi adhuhuri pindo halijagusa meza.

"Nenda ukale, dada," wenzake walimsihi.

"Nikipepesa nitamkosa."

Hatimaye mkono ukaingia taratibu, wenye pete ya meneja. Ulilegeza skrubu, ukaing'oa kinga, ukampigapiga kijana begani. Kijana akaligeukia rola. Dada alitazama mpaka mwisho. Wote walitazama, meneja akiwamo.

"Umetulia," mwanafizikia alisema juu ya kipimo chake. "Kikomo kipo."

"Naomba kinga irudishwe," dada alisema.

"Inachelewesha kazi. Hayo mmeyaona ni ya zamani, na hoteli inataka shuka." Ufunguo wa stoo alimoifungia kinga ulilia mfukoni mwake akiondoka.

Penye rola mtu alikohoa. Alikuwa mama aliyeajiriwa asubuhi ile kushika nafasi ya marehemu. Sura yake walikuwa hawajaiona.

"Mama, rudi nyuma kidogo," dada alimwita.

"Nyuma ni wapi, mwanangu?" sauti iliuliza. "Mimi hapa sioni kitu cha leo."